Majuma kumi ku labo: mulango gani uko wazi kwa mutoto wa muchimbaji?

Mwezi wa sita ukifika, huku kwetu ni baridi. Asubuhi ku Kolwezi, ku Likasi na ku Lubumbashi watu wanavaa makoti, vumbi inaruka mu njia, na wale waliotumika usiku wanarudia nyumbani mikono mu mifuko. Wanafunzi wa iniversite wanangojea mitihani, ao wanatafuta kakazi ka kulipia mwaka wenye kuja.

Mwezi ule ule, ku Marekani ni wakati wa joto. Masomo inafungwa, wanafunzi wengi wanarudia kwao. Lakini taa za labo hazizimike. Vijana wenye kuwa na miaka 20 hivi, wale hawajapata hata diplome yao ya kwanza, wanaingia mu labo za kemia (ile tunaita chimie ku masomo) kwa majuma munane mpaka kumi. Hawaendi kurudilia masomo ya mwaka. Wanaenda kutafuta jibu la ulizo ambalo hata profesere wao hajui bado jibu lake. Na kitu kimoja kinashangaza wazazi wetu wengi wakikisikia: hawalipe. Wanalipwa.

Tunazungumuzia mambo haya leo kwa sababu mbili. Ya kwanza: mu labo hizo ndimo wanaamua, kidogo kidogo, kama ulimwengu utaendelea kuhitaji kobalti yetu ao hapana. Ya pili: kila mwaka wazazi wanaombwa feza na watu wenye kusema “nitamutuma mutoto wako ku Marekani kwa staji.” Ni muzuri kila muzazi ajue mulango gani ni wa kweli, na gani ni wa kuchorwa tu ku ukuta.

Programu hiyo ni nini

Ile yenye kujulikana sana inaitwa REU, ni kusema “mazoezi ya uchunguzi kwa wanafunzi wa mbele ya diplome.” Inalipiwa na National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani lenye kusaidia sayansi, lililoanzishwa mwaka 1950. REU yenyewe ilianza mwaka 1987. Serikali inapatia iniversite feza. Iniversite inachagua wanafunzi, mara nyingi karibu kumi, na wengi wao wanatoka ku masomo zingine, zaidi sana zile ndogo zenye hazina labo ya nguvu.

Kila mwanafunzi anapata malipo ya karibu dolare 600 ao 700 kwa juma moja. Mara nyingi wanamupatia pia nyumba ya kulala na wanamusaidia kwa safari. Kwa majuma kumi hiyo inapita dolare 6.000. Haiko mushahara wa kutajirika, maana maisha kule ni ya bei. Lakini maana yake ni kubwa: mutoto wa maskini hashurutishwe kuchagua kati ya kutumika ku restora wakati wa likizo na kujifunza kazi ya sayansi. Kule walielewa kama ukisema “kuja bure,” watakuja tu watoto wa matajiri.

Kuko pia programu ya wadogo zaidi. Chama cha wanakemia cha Marekani, American Chemical Society, tangu mwaka 1968 kiko na Project SEED, yenye kuingiza mu labo watoto wa sekondari wenye kutoka mu familia za mapato kidogo. Nayo inawalipa.

Siku moja mu labo

Siku za kwanza hawaguse kitu. Wanafundishwa usalama: kuvaa miwani ya kukinga macho, ma-gan, blouse, viatu vya kufungwa, wapi kuko maji ya kunawa macho, namna gani kufanya kazi ndani ya hotte, ile kabati ya kioo yenye kuvuta moshi mubaya inje. Mutumikaji wa kiwanda cha Shituru ao cha Luilu angeelewa mara moja. Asidi haijue kama wewe ni mwanafunzi ao mutumikaji.

Kisha mwanafunzi anapewa mutu wa kumuongoza, mara nyingi kijana mwenye kufanya doktora, na anapewa ulizo lake. Anaandika kila kitu mu kaye: kipimo, saa, joto, rangi, hata kosa. Zaidi sana kosa. Mambo mengi ya juma la kwanza na la pili yanaharibika, na hiyo ni sehemu ya masomo. Mara moja kwa juma kundi lote la labo linakutana, kila mutu anaonyesha alichopata, na wengine wanamuuliza maulizo magumu. Ku mwisho anatayarisha karatasi kubwa ya kutundika ku ukuta, yenye picha na mistari, anasimama pembeni yake na kueleza kazi yake kwa kila mwenye kupita.

Mwanafunzi akitoka pale, hakubebe diplome mupya. Anabeba vitu viwili: mikono yenye kujua kazi, na profesere mwenye kuweza kuandika barua ya kusema “huyu nilimuona akitumika.” Kwa kuingia mu masomo ya juu, barua hiyo iko na nguvu sana.

Jiwe letu juu ya meza yao

Sasa tuseme juu ya kobalti. Kongo inatoa karibu sehemu 70 kwa mia moja za kobalti yote ya ulimwengu, na karibu yote inatoka mu udongo wa Lualaba na wa Haut-Katanga. Wachimbaji wanaijua kwa macho: lile jiwe leusi, eterojeniti. Kiwanda kinalisaga, kinalitia mu asidi sulfuriki. Lakini asidi peke yake haitoshe. Kobalti ya jiwe hilo imejifunga. Lazima kuongeza kitu chenye kuifungua, kama vile gazi ya dioksidi ya sulfuri ao unga wa metabisulfiti, ndipo inayeyuka. Shaba inatolewa na umeme, inakuwa katodi. Kobalti inaangushwa na manyezi, inakuwa unga wa idroksidi, inatiwa mu mifuko mikubwa, inapakiwa mu malori, inapita Kasumbalesa, inaenda baharini, kisha China.

Kazi yote hiyo ni kemia. Na kule inafika, ni kemia tena. Mwaka 1980, ku Oxford, Uingereza, John Goodenough na watu wake walionyesha kama oksidi ya kobalti na litiumu inaweza kushika umeme mwingi mu betri ndogo. Mwaka 1991 kompani Sony ya Japani ikaanza kuuzisha betri za namna hiyo. Telefone yako ilizaliwa mu kazi ile. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Nobel ya kemia juu ya betri hizo.

Lakini angalia kilichofuata. Kobalti ni ya bei, na inatoka pahali pamoja. Kwa hiyo wanakemia wakaanza kuuliza: tunaweza kutia kidogo? Mu betri fulani za magari, zile za nikeli, manganezi na kobalti, kobalti ilikuwa sehemu moja kwa tatu za metali hizo. Wakaipunguza mpaka sehemu moja kwa tano, kisha moja kwa kumi. Mu miaka ya 1990, mu labo ya Goodenough yeye yule, wakati huo akiwa Texas, mwanafunzi wake wa doktora alitumika juu ya betri ya chuma na fosfati. Betri hiyo haina kobalti hata kidogo. Leo magari mengi ya umeme yenye kutengenezwa China yanatembea nayo.

Ni kazi ya namna hiyo mwanafunzi wa majuma kumi anaweza kupewa. Anachanganya unga, anautia mu furu ya moto mukali, anaupakaa juu ya karatasi ya aluminiumu, anaukata viduara. Anaingiza mikono mu ma-gan marefu ya kauchu yenye kufungwa ku sanduku la kioo lenye kujaa gazi ya argoni, kwa sababu litiumu inaogopa maji na hewa. Ndani yake anatengeneza betri ndogo kama ile ya saa ya mukono. Kisha anaitia umeme na kuutoa, mara mia na mara mia, na kuandika: baada ya kupunguza kobalti, betri inachoka kwa upesi gani?

Hapa ku Kolwezi jibu la ulizo lile linafika mu sufuria. Bei ikianguka, négociant anapunguza, kreseri anarudi na kidogo, mama anahesabu unga. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 serikali yetu ilisimamisha kutuma kobalti inje, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule ikafungua tena, lakini kwa kipimo, kila kompani na sehemu yake. Serikali inaweza kufunga barriere. Haiwezi kuzuia mwanafunzi wa ngambo atafute namna ya kufanya betri bila jiwe letu. Tunachoweza ni kuhakikisha kama watoto wetu nao wanakaa ku meza hiyo, wajue mambo yanaelekea wapi mbele bei haijatuambia.

Vumbi nayo ni kemia

Kemia haiko ya betri tu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Iniversite ya Lubumbashi pamoja na wale wa Ubelgiji walitangaza kazi waliyofanya huku Katanga: walipima mikojo ya watu wenye kukaa karibu na mine na viwanda, wakakuta kobalti nyingi sana. Mwaka 2018 wakatangaza tena juu ya Kasulo, ule mutaa wa Kolwezi ambao watu walichimba mpaka chini ya nyumba zao. Kobalti ilikuwa mu vumbi ya nyumba na mu mikojo, na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa.

Mikojo ile ilipimwa na mashine za ku Ubelgiji. Kijana wa kwetu mwenye kujifunza kupima metali mu maji, mu udongo na mu mukojo anafanya kazi yenye mama wa Kasulo anahitaji leo. Asidireamu kuwa Nobel. Ajue kupima muzuri, na aweze kusema matokeo bila kuogopa.

Nani anaingia, nani haingie

Sasa tuseme ukweli. REU ni ya feza ya serikali ya Marekani, na sheria yake inasema: wanaolipwa na feza ile ni raia wa Marekani ao wale wenye ruhusa ya kukaa kule siku zote, ile karte watu wanaita green card. Mwanafunzi mwenye kukaa Likasi na passeport ya Kongo hawezi kulipwa na REU. Mutu akikuambia kama anaweza kumuingizia mutoto wako, ujue anakudanganya.

Lakini mulango ule haiko wa bure kwa familia zetu. Wakongomani wengi wenye kusema Kiswahili walipelekwa Marekani kama wakimbizi mu miaka hii ya nyuma, wengine walipata viza ya loterie. Mukimbizi anaweza kuomba green card kisha mwaka moja. Watoto wao leo wanasoma ku iniversite za kule, ao ku zile masomo ndogo za miaka mbili, na nazo wanafunzi wake wanakaribishwa mu REU. Wengi hawajue kama programu ipo. Wanapitisha likizo yote mu depo ya mizigo. Ukiwa na dada ao kaka kule, umutumie audio leo: mutoto wa kemia aanze kutafuta tangu mwezi wa kumi na moja, kwa sababu nyingi zinafunga mulango kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Aangalie pia kama programu inafanyika mwaka huo, maana mwaka 2025 iniversite fulani zilisimamisha yao kwa sababu ya feza kupungua.

Milango yenye kufunguka tangu huku

Kwa mwanafunzi mwenye kukaa Kongo, kuko programu zenye hazichague inchi. Tutaje tatu.

Ku Arabia Saudi, iniversite KAUST, kule Thuwal pembeni ya Bahari Nyekundu, inapokea wanafunzi wa inchi zote kwa miezi tatu mpaka sita. Lazima mwanafunzi awe amefika mwaka wa tatu ao awe mu master, na pointi zake ziwe za juu. Inalipa ndege, nyumba na kitu kila mwezi.

Ku Japani, taasisi OIST ya kisiwa cha Okinawa inapokea pia wanafunzi wa inchi zote kwa miezi mbili mpaka sita. Ku Austria, karibu na Vienna, taasisi ISTA iko na programu ya wakati wa joto ya majuma munane mpaka 12. Zote tatu zinasaidia mwanafunzi kwa safari na maisha. Kemia iko ku zote tatu.

Tusifichane: ni magumu. Wanaomba ni wengi, wanaochukuliwa ni kidogo. Kazi inafanywa mu Kiingereza. Watoto wetu wanajua Kifaransa, Kiswahili, na pengine Kisanga ao Kiruund. Lakini Kiingereza wanakianza wakati mulango unafungwa. Hiyo ndiyo inaangusha wengi, si akili.

Muzazi anaweza kufanya nini, hata bila feza

Mwaka wa kwanza, umuulize mutoto: profesere wako anakujua jina? Kama hapana, barua ya kumutetea haitatoka popote. Aende amuombe afagie labo kama ni lazima, aoshe vyombo, lakini akae karibu na kazi.

Mwaka wa pili, atafute staji ya hapa: labo ya kiwanda, labo yenye kupima mawe, labo ya maji. Pa Lubumbashi penyewe, mwaka 2022, ku iniversite kulifunguliwa kituo cha Afrika cha kuchunguza betri, chenye kushirikiana na Zambia. Mutoto wa muchimbaji asikipite kama jengo la wengine. Na tangu mwaka huo huo ajifunze Kiingereza kila siku, hata nusu saa na telefone.

Akiandika ile barua ya kueleza kwa nini anataka, asifiche kwao. Vijana wengine wanaona haya kusema baba anachimba. Waseme. Mutoto aliyeona jiwe likitoka mu shimo, akaona rangi ya maji kisha kiwanda, akasikia baba akikohoa, iko na maulizo ambayo mwanafunzi wa Boston hawezi kuwaza. Profesere muzuri anatafuta mutu mwenye maulizo.

Alama za wezi

Mwisho, tuchunge mifuko. Programu ya kweli inalipa mwanafunzi. Zile tulizotaja haziombe dolare mia mbili ya “dosie,” hazitume mutu ku nyumba, hazipokee feza ku Airtel Money ya mutu wa kati. Mutoto anaandika mwenyewe, jibu linatoka ku anwani ya iniversite, na linachukua miezi. Hakuna iniversite yenye kuahidi viza. Viza inatolewa na ambasade. Mutu akisema “tulipe leo, kesho nafasi inaisha,” mukatae na mumuache aende. Feza hiyo afazali ilipe Kiingereza, passeport na kopi za pointi.

Usiku mwingine, mukikaa ku moto wa makala wakati huu wa baridi, mumuulize mutoto wenu anajifunza nini mu kemia. Baba amueleze jiwe linafunguka namna gani mu asidi, vile anavyoona ku kazi. Mutoto amueleze baba kwa nini. Kila mumoja wao iko na nusu moja ya masomo hayo, na hakuna programu yenye kuombwa kwanza ili muanze.